Hukumu ya Malindi kwenye simu yako: tathmini ya tovuti ya Kenya Law kwa msomaji wa Mombasa

Tangu Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi ilipotoa hukumu kuhusu utoaji mimba, kuna maneno mawili yanayogongana kwenye simu za watu wa Pwani. Moja linasema mahakama imeruhusu kutoa mimba. La pili linasema kutoa mimba ni jela miaka 14, basi. Kila moja lina chembe ya ukweli, na kila moja linaweza kumtia mtu matatani. Anayeliamini la kwanza anadhani muuza dawa yeyote wa mtaani sasa ana kinga. Anayeliamini la pili anamwacha binti yake avuje damu nyumbani kwa kuogopa polisi.

Hukumu yenyewe iko wazi kwa yeyote mwenye simu, bure, kwenye tovuti ya Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria. Tathmini hii inaitazama huduma hiyo kwa jicho la muuguzi wa zahanati ya Kisauni, mkunga wa Likoni, msaidizi wa kisheria, au mzazi aliyeambiwa mambo nusunusu na anataka kujua mahakama ilisema nini hasa. Wakili hahitaji tathmini hii. Yeye ameizoea tovuti hiyo kama njia ya kwenda kwake.

Kwanza uzuri wake. Hulipi, hufungui akaunti, huulizwi jina wala nambari ya simu. Kwa jambo kama hili, kutoulizwa jina ni sehemu kubwa ya huduma. Kurasa ni maandishi matupu, kwa hiyo hazili bando kama video. Aya za hukumu zina nambari, na unaweza kuteremsha faili nzima ukaisoma baadaye bila mtandao. Kwenye simu ndogo soma ukurasa wa tovuti wenyewe badala ya PDF. Ukurasa hujipanga kulingana na kioo, lakini PDF imepangwa kwa karatasi ya A4, na utachoka kuvuta herufi kwa vidole kabla hujafika aya ya kumi.

Kuitafuta ndiko kunakowashinda wengi. Wanaandika neno la Kiingereza la utoaji mimba kwenye kisanduku cha kutafutia, na yanamiminika mashauri ya kila aina: rufaa za jinai, talaka, kesi za ajira, mirathi. Wengine wanaandika jina la msichana aliyeipeleka kesi hiyo mahakamani. Hilo halitafaulu kamwe, kwa sababu alikuwa mtoto wa miaka 16 na jina lake limefichwa kwa herufi tatu, PAK. Kesi inaitwa PAK & another v Attorney General & 3 others, Ombi la Kikatiba E009 la 2020, Mahakama Kuu ya Malindi, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi. Njia ya mkato ni kuandika rejea yake: [2022] KEHC 262 (KLR).

Rejea hiyo inastahili kufunguliwa kipande kwa kipande, maana ukiijua hutababaishwa tena na mtu anayetaja hukumu isiyokuwapo. 2022 ni mwaka ilipotolewa. KE ni Kenya, HC ni Mahakama Kuu. 262 ni nambari ya uamuzi huo kati ya maamuzi ya Mahakama Kuu ya mwaka huo. KLR ni ripoti za sheria za Kenya. Ukiona KECA ni Mahakama ya Rufaa, KESC ni Mahakama ya Juu. Maamuzi ya zamani kidogo yana alama ya eKLR isiyo na nambari ya uamuzi, na hapo lazima ushike nambari ya ombi lenyewe. Mfano ni kesi ya FIDA Kenya, shirikisho la wanasheria wanawake, ya Juni 2019, Ombi 266 la 2015. Ukitafuta FIDA peke yake, utapata lundo la mashauri ambayo shirika hilo limeshiriki.

Usichanganye pia nambari ya ombi na nambari ya kesi ya jinai iliyolizaa. Msichana na mhudumu wa afya aliyemtibu walishtakiwa kwa kutoa mimba mbele ya hakimu wa Kilifi. Ombi la kuyapinga mashtaka hayo lilikwenda Malindi. Unachokisoma kwenye tovuti ni cha Malindi. Faili nyingi za mahakimu hazipandishwi kwenye mtandao, hivyo usipoteze saa nzima kuitafuta ile ya Kilifi.

Ukishaifungua, huduma inakuacha peke yako, na hapa ndipo panapohitaji tahadhari kubwa kuliko pengine pote.

Hukumu ya Mahakama Kuu katika ombi la kikatiba hujengwa kwa tabaka. Huanza na masimulizi ya tukio kama walivyoyaleta walalamikaji. Mwaka 2019, msichana wa Ganze, kaunti ya Kilifi, alifika zahanati akiwa na maumivu makali na kuvuja damu. Afisa wa kliniki akamchunguza, akaona mimba imeharibika, akamtibu. Polisi wakaingia zahanati, wakachukua rekodi za matibabu, wakawakamata wote wawili. Msichana akachukuliwa maelezo bila wakili, kisha akapelekwa hospitali kupimwa bila ridhaa yake. Baada ya hapo hukumu inaeleza hoja za walalamikaji, halafu majibu ya Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, halafu mchango wa walioungana na kesi. Kurasa na kurasa. Jaji anaanza kusema la kwake baadaye sana.

Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye jumbe zinazosambazwa ni mtu kukata aya kutoka kwenye hoja za upande mmoja na kuituma kama neno la mahakama. Kabla ya kunakili chochote, jiulize: nani anasema hapa? Kama sentensi imeanza na maneno ya kwamba wakili aliwasilisha, au mlalamikiwa alipinga, hayo si maamuzi. Ruka hadi mwisho, usome amri, kisha urudi nyuma kutafuta sababu zake. Kusoma kwa kurudi nyuma kunaokoa muda na kunakukinga na aibu.

Amri zenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, ni hizi. Huduma ya kutoa mimba ni haki ya msingi chini ya Katiba, ndani ya mipaka ya Ibara ya 26(4). Kuwakamata ovyo na kuwashtaki wagonjwa na wahudumu kwa kutafuta au kutoa huduma iliyo ndani ya mipaka hiyo ni kinyume cha sheria. Mazungumzo kati ya mgonjwa na mhudumu ni siri inayolindwa, isipokuwa mgonjwa akiridhia yafichuliwe au maslahi ya umma yakihitaji hivyo kwa mujibu wa Katiba. Mashtaka ya Kilifi yakafutwa. Bunge likaelekezwa kutunga sheria na sera inayolingana na Katiba.

Ona neno "mipaka" lilivyojirudia. Ndilo linalodondoka njiani kila hukumu hii inapofupishwa kuwa ujumbe wa mstari mmoja.

Mipaka hiyo iko kwenye tovuti hiyohiyo, upande wa sheria zilizotungwa, kwa hiyo fungua kichupo cha pili uweke Katiba kando ya hukumu. Ibara ya 26(4) inaanza kwa kukataza: kutoa mimba hakuruhusiwi. Kisha inafungua mlango kwa hali tatu: mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, uhai au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Soma polepole sehemu inayosema "uhai au afya". Haisemi uhai peke yake. Na Sheria ya Afya ya 2017 inaielezea afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii. Anayewaambia watu kwamba ni lazima mama awe anakata roho ndipo asaidiwe, hajaisoma ibara hiyo hadi mwisho.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 6, inamtaja mtaalamu aliyefunzwa: mwenye elimu rasmi ya udaktari, uuguzi, ukunga au uafisa wa kliniki, aliyefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito, na mwenye leseni halali. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati amo. Muuza dawa wa duka la pembeni hayumo, hata awe na roho nzuri namna gani. Mhudumu, weka nakala ya leseni yako ya mwaka huu mahali unapoifikia kwa haraka, na andika kwenye faili ya mgonjwa ulichokiona kabla hujaanza matibabu: joto, shinikizo la damu, kiasi cha damu inayovuja, hitimisho lako na saa. Katiba imejengwa juu ya maoni ya mtaalamu. Maoni yasiyoandikwa ni vigumu kuyatetea.

Kisha fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kwenye tovuti hiyohiyo. Kifungu cha 158, kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 14. Cha 159, kwa mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 160, kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumikaje, miaka 3. Vifungu hivi bado vimo kitabuni, na ndiyo sababu lile neno la miaka 14 halifi mtaani. Ila kila kimoja kimebeba sharti la kuwa kitendo ni "kinyume cha sheria", na Jedwali la Sita la Katiba, kifungu cha 7, linaagiza sheria za zamani zisomwe kwa marekebisho yatakayozifanya zikubaliane na Katiba. Tovuti inakuonyesha Katiba na Kanuni ya Adhabu kwenye kurasa mbili tofauti, wala hakuna alama yoyote kwenye kifungu cha 158 ya kukwambia "kasome Ibara ya 26 kwanza". Msomaji asiyejua anaondoka na ukurasa mmoja. Hilo ni pengo, na lingezibwa kwa mstari mmoja tu.

Soma pia kesi ya FIDA ya 2019, walau muhtasari wake. Majaji watano walikuwa wakimzungumzia JMM, msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, akaugua figo na kufariki 2018. Wizara ya Afya ilikuwa na miongozo ya Septemba 2012 ya kupunguza vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama, ikaiondoa mwishoni mwa 2013, na mafunzo ya wahudumu yakapigwa marufuku mwaka uliofuata. Mahakama ikaona kuiondoa huko kulivunja haki za wanawake, ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 3. Bila kesi hii utaiona hukumu ya Malindi kama imeanguka kutoka mbinguni. Kumbe imesimama juu ya kaburi.

Swali linaloulizwa sana Mombasa: hukumu ya Malindi inatuhusu nini sisi? Mahakama Kuu ni moja nchini, yenye vituo vingi. Mahakimu wa Mombasa, Kwale na Lamu wanafungwa na maamuzi yake, maana wako chini yake. Jaji mwingine wa Mahakama Kuu anaweza kutofautiana nayo akitoa sababu. Mahakama ya Rufaa inaweza kuigeuza, kuipunguza au kuithibitisha, na hukumu ya Mahakama ya Juu inazifunga mahakama nyingine zote.

Kwa hiyo usiitumie hukumu yoyote ya Mahakama Kuu bila kuangalia kilichoipata baadaye. Hii ya PAK ilipelekwa Mahakama ya Rufaa. Kila unapotaka kuitegemea, fanya mambo mawili. Kwanza, kwenye ukurasa wa hukumu angalia orodha ya nyaraka zinazoitaja, ukianza na zenye tarehe ya karibuni. Pili, rudi kwenye utafutaji, chagua Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu, andika PAK pamoja na Attorney General. Jina la kesi hubadilika ikienda rufaa: aliyekata rufaa hutangulia, na PAK atakuwa upande wa pili wa ile "v", au katikati ya orodha. Ndiyo maana kutafuta kwa mpangilio uleule wa majina kunakupa jibu la uongo kwamba hakuna kitu. Utaratibu huu ni dakika 5, na tovuti inaufanya vizuri kuliko chanzo kingine chochote cha bure tunachokijua nchini.

Sasa kasoro iliyo nzito kuliko zote: lugha. Hukumu ni ya Kiingereza tu, cha kisheria, chenye Kilatini ndani yake. Kosa si la tovuti peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Maana yake msichana wa Ganze angeweza kujitetea kwa Kiswahili mbele ya hakimu wa Kilifi, lakini karatasi iliyomfutia mashtaka ikaandikwa kwa lugha nyingine. Ibara ya 7 ya Katiba inaifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 35(3) inaitaka Serikali ichapishe na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa. Hukumu inayogusa mwili wa kila mwanamke wa nchi hii, ikiachwa kwa Kiingereza cha kurasa nyingi, imechapishwa kweli, lakini haijatangazwa. Hatuombi tafsiri ya neno kwa neno. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye amri na tarehe, ungetosha kwa kesi kubwa za katiba, na Baraza lina wanasheria wa kuuandika.

Wengine hupitisha ukurasa kwenye programu za tafsiri za simu. Kwa masimulizi ya tukio zinasaidia. Kwa amri ni hatari: maneno yanayoamua kama jambo ni tamko, agizo au pendekezo huweza yote kutafsiriwa kwa neno lilelile la Kiswahili. Katiba yenyewe ina toleo la Kiswahili, litumie kuelewa. Ila ukibishana na mtu kuhusu maana, Ibara ya 259(2) inasema matoleo yakipingana, la Kiingereza ndilo linalotawala.

Kuhusu kuchapisha. Saiba nyingi za mjini hutoza kwa ukurasa, na hukumu nzima itakula pesa bila sababu. Chapisha ukurasa wa kwanza wenye jina na rejea, na kurasa za amri. Usiitume faili kwenye barua pepe ya saiba wala kuiacha kwenye kompyuta yao. Ukifungua WhatsApp kwenye mashine ya watu, toka kabla hujainuka kitini, futa faili kwenye folda ya vilivyoteremshwa, na ufute historia ya kivinjari. Hukumu ni ya umma, lakini nani anaisoma na kwa nini si habari ya mwenye saiba.

Nakala hiyo inatosha kumwonyesha wakili au mkuu wa zahanati. Nakala iliyothibitishwa kwa muhuri ni kitu kingine. Hiyo hutoka kwenye masjala ya mahakama iliyotoa uamuzi, na faili hii ni ya Malindi.

Tovuti haimpi mtu wakili wala daktari. Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, siku za mapumziko zikizingatiwa, kwa Ibara ya 49. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na FIDA Kenya zote zina ofisi Mombasa. Anayelowesha pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo, mwenye homa, kizunguzungu au majimaji yenye harufu mbaya, apelekwe Makadara (Hospitali Kuu ya Pwani) au hospitali iliyo karibu sasa hivi, mimba iwe imeharibika yenyewe au vinginevyo. Ibara ya 43(2) inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hapo hakuna haja ya kufungua tovuti.

Kwa uzito wa ilichonacho, tunaipa Kenya Law alama 8 kwa 10. Mbili zimepotea kwenye lugha.

Zahanati inayotaka kubandika amri ukutani ibandike ndani, nyuma ya meza ya mhudumu, rejea ikisomeka vizuri. Fanyeni utafutaji wa rufaa siku ya kubandika, na kila baada ya miezi mitatu. Kwenye kona ya karatasi mwandike kwa penseli tarehe mliyoangalia mara ya mwisho, ili anayeingia zamu ajue karatasi hiyo ni ya lini.